Siku moja Saanane na mama, na samaki mwenye jina la Mwalimu

Nimezaliwa Mwanza nimekulia Igogo, nyumba yetu ipo kule juu kwenye mawe, ukitoka nje asubuhi na mswaki mdomoni ziwa lote liko mbele yako na kisiwa cha Saanane kimekaa palepale, karibu kabisa. Nimekiona kila siku ya utoto wangu. Nimekiona kwenye mvua kikipotea, nimekiona jioni jua likishuka nyuma yake, halafu nikamaliza shule nikaenda Dar kutafuta maisha na sikuwahi hata siku moja kukanyaga kule. Miaka 34 hiyo. Jumamosi iliyopita ndo nimeenda, na tangu nirudi nina mambo kifuani nimeona niyaandike kabla likizo haijaisha.

Aliyeanzisha ni mtoto wa kaka yangu, yuko darasa la tatu, mtoto wa maswali kweli kweli. Tumekaa nje jioni tunapukuchua mahindi akauliza, bibi, kule kisiwani kuna nini? Mama akajibu bila hata kuinua kichwa, kuna zoo. Nikamwangalia. Zoo imeisha siku nyingi mama. Akasema yeye alienda mwaka 1973 akiwa darasa la tano, wamepandishwa lori la shule kutoka Magu, na zoo aliiona kwa macho yake, sasa mimi niliyekaa hapa Igogo miaka yote nimeona nini? Sikuwa na jibu. Nikamwambia basi mama, Jumamosi tunaenda wote watatu.

Na hapa niseme kitu kuhusu sisi watu wa Mwanza. Mgeni akija tunampeleka Jiwe la Bismarck anapiga picha, tunampeleka kula sato, siku hizi tunampeleka na Kigongo-Busisi kwenye daraja maana tangu lifunguliwe Juni 2025 kila mtu ana picha yake pale, halafu basi mgeni anarudi kwao. Saanane tunamwonyesha kwa kidole tu. Ile ni hifadhi ya taifa jamani, sawa na Serengeti kwa hadhi, tangu mwaka 2013, ina kilomita za mraba 2.18 tu ukijumlisha na maji yake, na iko ndani ya jiji, dakika kumi kwa boti kutoka Capri Point.

Tulifika getini saa 1 na nusu asubuhi. Mama alikuwa amebeba matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukaushwa, karanga za kuchemsha na chupa ya chai utafikiri tunasafiri kwenda Kigoma, nilimwambia mama hizo dakika kumi tu akasema njaa haiulizi dakika. Tukapewa kontrol namba tukalipia kwa simu pale pale, Mtanzania analipa pesa ya kawaida kabisa, kisha akaja dada mmoja wa hifadhi ndo wa kutuongoza. Binti mdogo tu, miaka ishirini na kitu, buti kubwa, sauti ya taratibu. Akamwamkia mama, shikamoo mama, mama akaitikia marahaba halafu akamtupia mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kumpima, binti akaipokea vizuri tu ingawa kumbe yeye ni wa Ukerewe, baba yake mvuvi. Kuanzia hapo mama akawa anamwita mwanangu na mimi nikawa kama mgeni.

Kwenye boti tukavishwa laifu jaketi, mtoto akakaa mbele kabisa. Kabla hujafika kisiwani unapita mawe yametokeza majini yamekuwa meupe kwa mavi ya mnandi, wale ndege weusi wa majini, na mnandi wenyewe wamejipanga juu mabawa wazi kama nguo zimeanikwa. Mtoto akauliza kwa nini wamefungua mikono. Yule dada akasema manyoya ya mnandi yanalowa, hayana mafuta ya kutosha kama ya bata, na hilo ndo linalomsaidia kuzama haraka kufuata samaki, ila akitoka lazima ajianike mpaka akauke. Mama akacheka, kumbe ndo maana. Amewaona mnandi maisha yake yote akidhani wanajidai.

Kushuka tu, mawe. Mwanza yote ni mawe lakini mjini yamezungukwa na nyumba, nguo, antena, matangi ya maji, hujui hata jiwe linaishia wapi. Kule kisiwani unayaona yalivyo, makubwa kuliko basi, moja juu ya jingine, mengine yamekaa kwenye ncha utasema mtu aliyapanga juzi na atarudi kuyanyoosha. Dada akasema hii ni miamba yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, ilipoa chini kabisa ya ardhi ikapasuka nyufa nyufa, maji yakaingia kwenye nyufa yakala kona, na udongo wa juu ukaoshwa taratibu kwa miaka isiyohesabika mpaka mawe yakabaki wazi yakiwa yamepangana hivyo hivyo. Hakuna aliyeyapanga. Yalikuwa yamekaa hivyo tangu ndani. Nilisimama pale nikaweka kiganja kwenye jiwe, lilikuwa bado la baridi upande wa kivuli na tayari la moto upande wa jua, na nikafikiria nyumba yetu Igogo ambayo ukuta wa jikoni ni jiwe lenyewe, baba alijenga kuta tatu tu.

Sasa pimbi. Naomba nikae hapa kidogo.

Ni mnyama mdogo wa kwenye mawe, lakini mimi pimbi nilikuwa namjua kama tusi. Mtu mfupi anaitwa pimbi, mtu mshamba pimbi, shuleni kuna kijana tulimwita pimbi mpaka anamaliza. Kule Saanane wapo kila mahali, asubuhi ile walikuwa wametoka kwenye nyufa wamejilaza juu ya jiwe kama ishirini hivi, wamebanana, wakubwa wadogo, macho nusu yamefumba, wanaota jua. Dada akatuambia msiende haraka, kaeni chini. Tukakaa. Mwili wa pimbi haujui kujipasha joto wenyewe vizuri kama wetu, ndo maana asubuhi lazima waote jua na usiku wanalala wamerundikana. Tulikaa karibu kiasi kwamba niliona pua yake inacheza, ndevu ndefu nyeusi, na alipofungua mdomo kupiga mwayo nikaona meno mawili ya juu yamechongoka kabisa, sio ya sungura, sio ya panya. Dada akasema hayo hayaachi kukua, na ndugu wa karibu wa pimbi kati ya wanyama wote walio hai ni tembo na nguva.

Mama akamwambia, mwanangu, rudia hapo.

Akarudia. Tembo na nguva. Akatuonyesha na miguu, mmoja alikuwa amenyoosha wa nyuma kuelekea kwetu, vidole vitatu vyenye kucha bapa kama vikwato vidogo, na unyayo mweusi wenye unyevu kama mpira uliolowa, huo ndo unaomshika kwenye jiwe lililosimama wima kabisa. Mimba yake ni miezi saba na zaidi, mnyama wa ukubwa wa sungura, na mtoto akizaliwa macho yako wazi na muda si mrefu anakimbia. Halafu kuna mmoja alikuwa amekaa peke yake kwenye jiwe la juu zaidi, haoti jua, anaangalia tu. Huyo ni mlinzi. Kwenye jicho la pimbi kuna kitu kama pazia dogo linakinga mwanga kwa hiyo anaweza kuangalia moja kwa moja kwenye jua, na tai wanapenda sana kushuka kutoka upande wa jua. Tukiwa tumekaa hapo hapo yule mlinzi akapiga ukelele mkali, mmoja tu, na ndani ya sekunde ile jiwe likawa tupu. Ishirini wote hakuna. Tukatazama juu, kulikuwa na ndege anazunguka mbali huko hata sikumtambua ni ndege gani. Mtoto wa kaka yangu alikuwa ameshika mkono wangu hajaongea. Baadae sana, tunapanda juu, ndo akaniambia shangazi mimi sitamwita mtu pimbi tena. Nikamwambia ukimwita umemsifia.

Kule kwenye mawe ya jua kuna na mijusi, wale madume wa kichwa chekundu mpaka mabegani na mwili wa bluu iliyoiva, mtoto akasema huyu kavaa jezi ya Barcelona. Anapiga pushapu, kweli kabisa, anapanda anashuka kwa mikono ya mbele kuwaonyesha wenzake kwamba jiwe hili lina mwenyewe, na majike ni wa kahawia tu wamejibanza pembeni. Hawa nimewaona ukutani kwetu tangu nazaliwa na tulikuwa tunawapiga mawe, naandika hili na roho inaniuma. Jina lao la kisayansi lina jina la mji wetu, *Agama mwanzae*, walipewa mwaka 1923. Yaani kuna kiumbe duniani kinaitwa kwa jina la Mwanza na sisi tulikuwa tunashindana nani atamkata mkia.

Kupanda kilimani mama alianza kulalamika goti, dada akamshika mkono wakawa wanaenda wawili taratibu wanaongea mambo yao. Njiani tumeona swala pala wanne, dume mmoja na majike, wametutazama wakaendelea kula, pundamilia kwa mbali, na tumbili ambao niwape onyo wasomaji, tumbili wa Saanane wanajua mfuko wa nailoni unafananaje na wanajua kufungua zipu, matobolwa ya mama yalipona kwa sababu mama aliyakalia.

Na katikati ya njia mama akasimama. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akasema palikuwa hapa. Nini mama? Waya. Ile zoo ya kwanza ya nchi hii ilianzishwa hapa mwaka 1964, kisiwa kilikuwa makazi ya mzee mmoja mvuvi na mkulima, Mzee Saanane Chawandi, akakiacha kikachukuliwa na serikali, ndo jina likabaki la kwake. Mama anasema walikuwa watoto wengi wamesukumana kwenye waya, jua kali, na ndani kuna mnyama anazunguka. Anaenda mpaka kona, anageuka, anarudi, kona, anageuka. Nikamuuliza alikuwa mnyama gani, akafikiria muda mrefu, akasema hakumbuki kabisa, anakumbuka ule mwendo tu. Na mwenzake aliyekuwa amemshika mkono, rafiki yake wa darasa, ameshafariki. Akasema wakati ule walifurahi sana na waliporudi Magu walisimulia mwezi mzima. Sasa pale hakuna waya, kuna majani marefu na njia ya swala imepita katikati. Mama akasimama kidogo halafu akasema, afadhali. Tukaendelea.

Juu kabisa unaliona jiji lote kwa mara moja, Capri Point, bandari, milima ya mawe imejaa nyumba mpaka kileleni, na mimi nikaitafuta ya kwetu nikaipata kwa bati jipya la kaka. Kwa mara ya kwanza nimeitazama nyumba yetu nikiwa Saanane badala ya kuitazama Saanane nikiwa nyumbani. Nikapiga picha, haikutoka vizuri, lakini ninayo.

Tukashuka upande wa maji kula. Na hapa ndo lile jambo lililonifanya niandike.

Tulikaa kwenye jiwe kubwa linaloingia ziwani, tukamaliza chai, na mtoto akalala kifudifudi anachungulia majini. Akaanza kupiga kelele, samaki, samaki wa rangi! Nikaenda nikalala na mimi. Maji hayakuwa safi sana, lakini pale kwenye kina kifupi ukizoea macho unaona mpaka kwenye nyufa, na kweli kulikuwa na visamaki vya ukubwa wa kidole vinaingia vinatoka. Kimoja cheusi mgongo una wekundu wa pilipili. Kinasimama mbele ya ufa, kikija kingine kinakifukuza, kinarudi pale pale. Mama kwa mbali akasema hao si ni furu tu. Dada akasema ndiyo mama ni furu, ila hawa wa kwenye mawe wavuvi wanawaita mbipi, na kila dume ana shimo lake analilinda.

Halafu akatuhadithia, na naandika kama nilivyoelewa. Hili ziwa letu lilishawahi kukauka. Miaka kama 15,000 iliyopita lilikuwa nyika tu, baadae mvua zikarudi likajaa tena, na kutoka kwenye furu wachache walioingia zikatokea aina zaidi ya 500 ambazo hazipo popote pengine duniani. Wa kula konokono, wa kula mwani kwenye mawe, wa kula samaki wenzake, mpaka wa kula mayai na watoto kutoka mdomoni mwa mama zao, maana furu jike anatunza mayai mdomoni. Akishayabeba hali chochote, wiki mbili tatu amefunga mdomo, na watoto wakishaanza kuogelea wakiona hatari wanakimbilia mdomoni tena. Miaka 15,000 kwa mambo ya viumbe ni jana asubuhi, na wanasayansi wa dunia nzima wanakuja Mwanza kwa ajili ya hilo. Waholanzi wamekuwa wakifanya utafiti kwenye ghuba yetu hii tangu miaka ya 70.

Na mwaka 1985 mmoja wa hawa wa kwenye mawe ya Mwanza, dume lake jekundu mgongoni lenye michirizi myeusi ubavuni, akapewa jina la Mwalimu. Siku hizi jina lake kamili ni *Pundamilia nyererei*. Pundamilia kwa Kiswahili kabisa, na Nyerere. Mwaka huohuo Mwalimu aling'atuka. Watu wa Ulaya na Marekani wanamfuga kwenye vioo sebuleni kwao wanamlisha wanamjua kwa jina, na mimi niliyesuuza vyombo kwenye mawe ya ziwa hili miaka kumi na mbili nilikuwa namwita takataka za kwenye mchuzi. Tulikuwa tunawachota na kapu la plastiki tunampa paka.

Nilimuuliza dada, yule mwekundu pale ndiye? Akasema kwa kumtazama juu juu hivi hawezi kuapa, aina zinafanana sana, mpaka umshike umwangalie meno. Nilimpenda kwa jibu hilo.

Kwa nini nasema roho imeniuma. Huyo samaki wa Mwalimu ana ndugu yake mwingine, dume lake lina rangi ya bluu bluu, na wote wawili wanaishi kwenye mawe hayo hayo. Majike wao wanafanana, ila jike wa huyu anachagua dume jekundu na jike wa yule anachagua la bluu, macho ndo yanayowatenganisha, hakuna ukuta mwingine. Sasa utafiti uliotoka mwaka 1997 ukaonyesha kwamba maji yakichafuka mwanga unabadilika kule chini, wekundu hauonekani tena vizuri wala ubluu, jike anashindwa kutofautisha, wanachanganyika, na aina mbili zinakuwa moja ya rangi ya tope. Hakuna aliyewavua, hakuna aliyewala. Wamepotea kwa sababu hawaonani.

Na maji yanachafuka na nini? Tunajua. Udongo wa mashamba yasiyo na matuta, mbolea, vyoo vya milimani kwetu visivyo na mfumo, Mto Mirongo unapita katikati ya mji na ukisimama darajani unaona kila tulichotupa wiki ile kinaenda ziwani. Nimetupa na mimi, nimemwaga na mimi ndoo za maji ya sabuni kwenye mtaro mvua ikinyesha kwa sababu ndo kila mtu alivyofanya, mtaro unashuka moja kwa moja.

Kabla ya hapo alishapita sangara. Aliletwa miaka ya 50 na 60, akatulia, na miaka ya 80 akalipuka. Sitaki kumsema vibaya sangara, ada yangu ya sekondari ililipwa na sangara, baba alikuwa anabeba mizigo kwenye kiwanda cha minofu, na mpaka leo nusu ya mji huu unaishi kwa samaki, minofu inaenda Ulaya na mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwake, yanaenda China kwa bei ya kutisha. Lakini furu wengi wa kwenye maji wazi waliisha midomoni mwake, wanakadiria aina kama 200 hazionekani tena. Hawa wa mawe walipona zaidi kwa sababu sangara ni mkubwa haingii kwenye nyufa. Kwa hiyo mawe yetu haya haya tunayoyalalamikia kwamba yanazuia barabara na choo hakichimbiki ndo yaliyowaficha.

Mama alikuwa kimya muda wote. Kisha akasema wakiwa watoto furu ndo mboga. Wanakaushwa juani juu ya jiwe, wanapikwa na karanga, mtu asiyekuwa na pesa anakula furu na anashiba, na walikuwa wa kila rangi kwenye kapu, wakishakauka rangi inakufa. Yule dada akatoa daftari dogo mfukoni akaandika. Nilimwona. Akamuuliza mama na jina la Kisukuma la wale wa kichwa kikubwa, wakaanza tena mambo yao.

Tukiwa tunarudi kwenye boti tukapata zawadi ya mwisho. Furukombe, yule tai mla samaki, alikuwa kwenye mti mkavu, kichwa na kifua cheupe, akaturukia kama anakuja kwetu kisha akakata kushoto, miguu mbele, hakuzama hata kidogo, aliligusa ziwa tu kama mtu anayechukua ufunguo mezani, na akapanda na sato mdogo anapapatika. Akapita juu yetu karibu kabisa, matone yakatudondokea. Dada akasema chini ya vidole vyake kuna miiba midogo ndo maana samaki hatelezi. Halafu akarudi kwenye mti wake akainua kichwa nyuma akaita, ile sauti ambayo kila mtu wa ziwani anaijua hata akiwa usingizini. Mama akanyanyua mkono akamwambia wabeja, asante kwa Kisukuma.

Upande wa Capri Point tulikuta magugu maji yamesogezwa na upepo, zulia la kijani na maua ya zambarau, mazuri kwa macho, na katikati yake chupa za plastiki zimenasa nyingi tu. Mwenye boti akazima injini tukasukuma kwa mti. Mtoto akaanza kuokota chupa anazozifikia, moja moja, anaziweka miguuni pa bibi yake. Hakuna aliyemwambia. Tulipofika alikuwa na kumi na saba, alizihesabu.

Kwa wanaotaka kwenda, nendeni asubuhi na mapema ndo pimbi wako nje, vaeni viatu vinavyoshika kwa sababu mtoto alikuja na kandambili na nusu ya safari nimembeba, chukueni kofia na maji. Na ombeni mtu wa kuwaongoza, msitembee tu mkapiga picha mkaondoka, bila yule dada mimi ningeona mawe na swala wanne nikarudi.

Jioni tumekaa nje pale pale, kisiwa mbele yetu kinaingia giza. Nikawa nimemtafuta yule samaki wa Mwalimu kwenye simu, nikampa mama simu, akaishika mbali na macho kama anavyofanya, akamtazama sana. Akasema huyu namjua. Kisha akaanza kutaja wengine, bila kuulizwa, macho yako kwenye maji, furu, ningu, nembe, gogogo, hongwe, kuyu, domodomo, na mimi nikawa naandika haraka haraka. Ningu anasema walikuwa wakipanda mto Simiyu masika mpaka watoto wanawashika kwa mikono. Mtoto akauliza ningu yuko wapi sasa hivi bibi. Mama akasema hajamla siku nyingi, hajui kama bado wapo. Wakabishana kidogo, mwisho wakakubaliana wenyewe bila kuniuliza, kesho saa 12 asubuhi tunaenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba kupita meza kwa meza kumtafuta.